Gari Lililokuwa la Kuleta Tu: Mzee Muzafaru Aiaga Namusoga

Tarehe 30 Juni 1959 Mzee Muzafaru bin Jamilu, dereva mkuu wa Kituo cha Ukoma cha Namusoga, atakabidhi funguo za lori baada ya miaka thelathini ya kazi. Kamati ya jarida letu imeniomba niandike maneno machache ya kumuaga, yawe mafupi na ya kufurahisha. Mafupi nimeshindwa. Ya kufurahisha nitajaribu, lakini mtanivumilia pale hasira itakapojitokeza, maana nimekisoma cheti atakachopewa na ofisi. Cheti kile kinamsifu kwa neno moja: kwamba alikuwa mtiifu. Mtu amebeba wagonjwa miaka thelathini, kwenye matope na vumbi la nchi hii, na walichokiona ni utii. Mimi nimefanya naye kazi tangu nilipoajiriwa katika chumba cha hadubini, na nasema wazi kwamba jambo kubwa alilolifanya Namusoga alilifanya siku aliyokataa kutii. Ndilo nitakalolisimulia.

Mzee Muzafaru ni mtoto wa mji wa Tororo. Baba yake, marehemu Mzee Jamilu, alikuwa na mikokoteni ya ng'ombe, akibeba pamba kutoka vijijini kuipeleka viwandani. Muzafaru alikulia juu ya magunia. Malori yalipofika na kuwala wenye mikokoteni, hakukaa kulia. Alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja mwenye lori, akaosha magurudumu mpaka akapewa usukani. Mwaka 1929 Namusoga ilikuwa ikitafuta dereva. Kazi hiyo ilikuwa imetangazwa muda mrefu na hakuna aliyeitaka. Madereva wa Tororo walisema afadhali wabebe maiti. Muzafaru alikuwa ameoa karibuni, na mkewe, Mama Rehemah, ambaye wengi wetu tumekula pilau yake, alimwambia mgonjwa ni mgonjwa, aende akabebe. Akaenda.

Wanaomfahamu wanajua mambo yake. Haruhusu mtu kuegemea boneti. Anaongea na injini kwa Kiswahili cha adabu ikiwa nzima, na kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwao, ikiharibika, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumuuliza maana ya maneno yale. Chai yake ni ya tangawizi kali mno. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuionja akakohoa mpaka tukadhani tumpime makohozi. Na ana ugomvi na mbuzi wa kijiji cha Paya, ambao anaamini wanafundishwa na wenyewe kulala barabarani.

Kuna kisa cha kinamasi cha Buteba ambacho yeye mwenyewe hukisimulia akicheka. Lori lilikwama, mvua imenyesha, nyuma kuna wagonjwa wanane. Wakulima wakatoka mashambani na majembe na kamba, wakachimba, wakavuta, wakaimba. Lori likaanza kusogea. Ndipo mmoja akachungulia nyuma kujua wanavuta mzigo gani. Kabla Muzafaru hajafunga mlango, wote walikuwa wamekimbia, kamba wakaacha. Basi wagonjwa wakashuka. Watu waliokosa vidole, mmoja hana mguu wa kushoto, wakaweka mabega yao kwenye lile lori wakalisukuma hadi nchi kavu. Muzafaru husema hajawahi kubeba abiria wa maana kama wale. Yeye hucheka. Mimi nikikisikia kisa hicho sicheki hata kidogo.

Nieleze kwa nini, kwa faida ya wafanyakazi wapya na ndugu zetu wa ofisini ambao hawajawahi kutazama ndani ya hadubini. Ukoma na kifua kikuu ni ndugu. Vijidudu vyao ni vya ukoo mmoja, vijiti vyembamba ambavyo ukivitia rangi nyekundu havikubali kufuliwa hata kwa asidi. Kijidudu cha ukoma ni kivivu ajabu; huzaliana polepole, na hupenda sehemu za mwili zenye baridi, kama pua, masikio, vidole. Kazi yake ni kuua hisia. Mtu akishika sufuria ya moto hasikii, akikanyaga mwiba hasikii, na vidonda ndivyo vinavyokula vidole, mwaka hadi mwaka. Na watu wengi hata wakikaa nacho nyumba moja hakiwapati kabisa. Ndugu yake, wa kifua kikuu, yeye husafiri kwa kikohozi, na anaua. Sasa niambieni: mwenye kifua kikuu alikuwa anapanda basi la Busia, anakohoa katikati ya watu, kondakta anampa tiketi. Mwenye ukoma, ambaye hata jirani yake hamdhuru, alitengewa lori lake na kituo chake kikazungushiwa waya. Nani aliamua hivyo? Hakuna hadubini iliyoamua. Ni woga uliovaa sare.

Lori letu watu walikuwa na jina lao kwalo. Kuanzia Tororo mpaka ufuko wa ziwa pale Majanji liliitwa Gari la Kupoteza, kwa sababu liliingia kijijini, likachukua mtu, na mtu yule hakuonekana tena. Mama akitaka mtoto anyamaze alimwambia Muzafaru anakuja. Fikirieni mtu mpole kama yule, mwenye kuokota vifaranga barabarani, jina lake linatumika kutisha watoto. Hakuwahi kulalamika. Lakini Mama Rehemah aliniambia kuna soko ambalo mumewe alikuwa halipiti akiwa na watoto wake, wasije wakasikia.

Mwaka 1951, siku ya soko la Bulumbi, tulitumwa kumchukua mwanamke anayeitwa Loy. Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa naandamana na lori kupima watu wa nyumba za wagonjwa. Loy alikuwa mke wa mkulima wa pale, Maloba, na alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa na baka shavuni na kidole kimoja kimeanza kupinda. Mtu mmoja alikuwa ameliona lile baka akakimbia kwa chifu wa gombolola, mkuu wa tarafa ile, na chifu akatoa amri.

Tulimkuta amekaa chini, nje kidogo ya soko, askari wamemzungushia matawi ya miiba kama wanavyofanya kwa ng'ombe mwenye homa. Samaki wake walikuwa wamechomwa moto. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume, wa kunyonya bado. Watu wamesimama mbali wanatazama. Askari mmoja, kijana wa kwao, alikuwa na fimbo ndefu, na akitaka Loy asogee alimgusa kwa ile fimbo.

Muzafaru akashuka. Akaisukuma ile miiba kwa mguu, akaenda akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Mulembe, mama," akasema.

Loy hakujibu salamu. Akauliza, "Mimi nakwenda wapi na hii mtoto?"

"Mtoto haruhusiwi, mama. Hana baka, ni mzima. Nani atabaki naye?"

"Na bado ananyonya hivi?"

Mama mkwe wa Loy, bibi mmoja mfupi aitwaye Kevina, akapenya watu akaja. Wengine wakamvuta nguo, akawapiga mikono. Akamfungua mtoto kutoka mgongoni kwa Loy, akamfunga mgongoni kwake. Mtoto akaanza kulia. Loy yeye hakulia. Alimtazama Muzafaru usoni akamuuliza, "Hii gari yako, mtu akipona inarudisha?"

Kila mtu pale alijua jibu. Hata mimi nilijua, na nikaona haya, nikajifanya napanga vioo vyangu vya hadubini sandukuni. Kanuni ya Namusoga ilikuwa gari ni la kuleta tu. Petroli iliidhinishwa kwa kwenda kuchukua. Mtu akipona, akipona kweli, alipewa karatasi yake getini na kuambiwa kwaheri.

"Ukipona nitakurudisha mimi," Muzafaru akasema. "Mpaka hapa hapa."

Kisha akampa mkono kumsimamisha. Mkono mtupu, mbele ya soko zima. Nilisikia watu wakiguna.

Huo ulikuwa mwaka tulioanza kupata vidonge vipya. Wazee wa kazi wanakumbuka yale mafuta ya mbegu yaliyokuwa yakidungwa zamani, sindano nene kama msumari, mgonjwa anavimba matako mwaka mzima na ugonjwa uko pale pale. Vidonge vilikuwa kitu kingine. Kila baada ya muda nilikwangua ngozi ya sikio la Loy, nikaitia rangi, nikatazama. Mwanzoni vijiti vyekundu vilijaa kioo kizima. Baadaye vikawa vinakatikakatika, kama kamba iliyooza. Mwaka 1955 nilitafuta mpaka macho yakaniuma, sikukiona hata kimoja. Nikarudia mara kadhaa. Daktari naye akatazama, akasema huyu mama ni mzima. Kidole chake kilikuwa bado kimepinda na kitabaki hivyo, kama kovu la mtu yeyote aliyewahi kuungua. Kovu si ugonjwa. Nimelisema hili katika mikutano mingi na ninaliandika tena hapa, maana wako hata wenye shahada wasiotaka kulisikia.

Habari ya kupona kwake ikampa Loy furaha ya siku chache tu. Alikuwa ameona yaliyompata Okochi. Huyu Okochi alikuwa seremala wa Paya, ndiye aliyetengeneza meza ninayoandikia. Alipona mwaka mmoja kabla ya Loy. Akapewa karatasi yake, akaenda kituo cha basi, kondakta akatazama mikono yake akafunga mlango. Akaenda kwa miguu. Njiani aliomba maji nyumba tatu, hakupewa. Alipofika kwao alikuta nyumba yake imechomwa, na kaka zake wakamwambia kwa upole kabisa kwamba ingekuwa bora arudi alikotoka. Akarudi. Tulimkuta asubuhi amekaa nje ya geti, anaomba afunguliwe aingie tena ndani ya waya, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Alikaa humo akichonga viti vya ofisi mpaka kichomi kilipomchukua. Naomba mnaokalia viti vile mkumbuke nani alivitengeneza, na kwa nini hakuwa nyumbani kwake.

Muzafaru alikwenda kwa Msimamizi wa wakati ule, ambaye ameshaondoka nchini na jina lake silitaji. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa barazani nikisubiri sahihi.

"Bwana, naomba lori siku ya soko niwarudishe waliopona. Tuanze na Loy wa Bulumbi."

"Wewe Muzafaru unajua kanuni. Gari hii ni ya kuleta."

"Najua, Bwana. Nauliza kwa nini."

"Petroli ya serikali si ya kutembeza watu. Huyo mama ana miguu?"

"Anayo."

"Basi."

"Lilipomleta alikuwa nayo pia, Bwana."

Msimamizi akainua kichwa. Akasema kama Muzafaru amechoka na kazi, Tororo imejaa madereva. Haikuwa kweli, kama tulivyoona baadaye, lakini alisema. Muzafaru akashukuru, akatoka. Aliponipita barazani alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kumtazama mbuzi aliyelala barabarani.

Siku ya soko la Bulumbi ilipofika tulikuwa na safari halali ya kwenda kumchukua mgonjwa mpya upande ule. Nilipanda nyuma na sanduku langu. Lori lilipopunguza mwendo kwenye geti la wagonjwa nilimwona Loy amesimama, amevaa gauni safi, ana kifurushi. Muzafaru akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango wa mbele. Nasema wa mbele. Katika miaka yote ya Namusoga hakuna mgonjwa aliyewahi kukaa mbele. Askari wa geti, Bwana Egau, akauliza ruhusa iko wapi. Muzafaru akamjibu kwamba ruhusa imo kwenye ngozi ya huyu mama, amuulize Mangeni aliye nyuma, yaani mimi. Egau akanitazama. Nikasema ni kweli, ni mzima. Akafungua geti. Kwa jambo lile Egau alikatwa cheo, na nafurahi kusema amerudishiwa.

Bulumbi walipoliona lori wakaanza kutawanyika kama kawaida. Kisha wakamwona aliyekaa mbele. Wauzaji waliacha hata kufukuza nzi. Muzafaru alisimamisha gari katikati kabisa ya soko, akazima injini, akamshusha Loy. Akanunua sahani moja ya mihogo na maharage kwa mama mmoja aliyekuwa ameganda, akaiweka juu ya boneti, ile boneti asiyoruhusu mtu aiguse, na wawili hao wakala, mkono wake na mkono wa Loy kwenye sahani moja. Aliniita nami nikaja nikala. Sitadanganya kwamba nilikuwa na njaa.

Chifu wa gombolola akaja na askari wake. "Muzafaru, huyu umemleta afanye nini?"

"Nimemrudisha, Chifu. Ulimtoa hapa, nimemrudisha hapa. Amepona."

"Huyu amekufa."

Tulidhani anatukana. Kumbe alikuwa anasema alichokijua. Miaka minne hakuna mtu wa Namusoga aliyepeleka habari Bulumbi, wala mtu wa Bulumbi aliyeruhusiwa kufika getini. Mwaka wa pili ilisemwa kwamba Loy amefariki. Nani alisema, hakuna aliyejua. Wakaamini, kwa sababu gari lile halijawahi kurudisha mtu. Wakamfanyia matanga. Maloba alinyoa nywele, akaomboleza, na baada ya kuomboleza akaoa mke mwingine. Yule mama alisimama pale na mkono wenye maharage, anaambiwa na chifu kwamba alishazikwa kwa maneno.

Wasomaji wangu, sikuwahi kuwa na hasira kama ile maishani mwangu, na sikujua niielekeze wapi. Kwa chifu? Kwa Maloba, ambaye alifika akasimama na kofia mikononi, hawezi hata kuinua macho? Kwetu, tuliokuwa na lori, na petroli, na midomo ya kusemea?

Bibi Kevina ndiye aliyekuja. Safari hii hakuna aliyemvuta nguo. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto, kijana wa miaka mitano sasa. Akamtazama Loy muda mrefu, akamshika shavu pale lilipokuwa baka, akalisugua kwa kidole gumba kama mtu anayefuta tope.

"Mwanangu," akasema kwa Kisamia, lugha ya kwao, "umekonda."

Halafu akamgeukia Maloba na akasema, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, "Wewe fanya unavyotaka na nyumba zako. Huyu anakaa kwangu."

Mtoto hakumjua mama yake. Alijificha nyuma ya bibi yake, na Loy hakumlazimisha. Alichuchumaa tu pembeni, akafungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na kaptula aliyoishona mwenyewe kituoni kwa vidole vile, ya mtoto mdogo sana, maana alikuwa akimkumbuka kama alivyomwacha. Akaitazama, akamtazama mtoto. Hapo ndipo alipolia. Muzafaru alikwenda nyuma ya lori akajifanya anakagua gurudumu.

Tulirudi Namusoga, na yule mgonjwa mpya tukampata, basi kazi iliyoandikwa ilifanyika yote. Hiyo haikumsaidia. Kesho yake Msimamizi alimnyang'anya funguo na kumweka kwenye kikosi cha kufyeka nyasi. Mtu aliyetumikia kituo miaka ishirini na sita alipewa panga na kuonyeshwa uwanja. Wala hakununa. Alifyeka vizuri, mistari imenyooka, na wagonjwa wakaja kukaa karibu naye kupiga gumzo. Dereva mpya aliletwa kutoka Tororo. Aliliingiza lori mtaroni juma la kwanza, na juma la pili alipojua vizuri anabeba nani, aliliacha njiani na funguo ndani.

Lakini jambo lililombadilisha Msimamizi halikuwa mtaro. Watu walianza kuja wenyewe. Ndiyo, Namusoga, mahali ambapo mtu alikuwa analetwa kwa fimbo na miiba, walianza kufika getini kwa miguu. Kwanza mwanamke wa Bulumbi mwenye baka dogo kama sarafu. Kisha mzee na mjukuu wake kutoka Buteba. Nikiwauliza nani amewatuma, walisema wamemwona Loy. Mmoja aliniuliza, "Ile gari inarudisha, ndiyo hii?" Walikuja mapema, kabla ya vidole kupinda, wakati vidonge vinaweza kumponya mtu asibaki na alama yoyote. Kwa miaka yote tulipokuwa tunawawinda walijificha mpaka wakaharibika. Siku moja ya kumrudisha mtu mmoja ilifanya kazi ambayo askari wote wa magombolola hawakuifanya.

Daktari mkaguzi kutoka makao makuu alipokuja, aliona foleni getini akauliza siri yake ni nini. Na hapa naomba mnivumilie tena. Msimamizi alimwambia kwamba uongozi umebuni utaratibu wa kuwarudisha waliopona kwa gari. Alisema hivyo, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na trei ya vioo, na Muzafaru yuko dirishani nje na panga lake. Mkaguzi akampongeza. Ukaandikwa kwenye taarifa ya mwaka, kwa maneno mazuri, bila jina la dereva. Juma lile lile Muzafaru aliitwa, akarudishiwa funguo, bila samahani.

Nilimfuata gereji nikamwambia asikubali, aende kwa mkaguzi akaseme ukweli. Alikuwa amefungua boneti, anaiambia injini pole. Akanijibu, "Mangeni, ukweli utanipa nini? Kesho kuna watu watatu wa kurudisha Paya."

Sikukubaliana naye, na hata leo sikubaliani. Ndiyo sababu naandika.

Tangu wakati ule lori la Namusoga hurudisha watu kila juma. Muzafaru hupeleka habari wiki moja kabla, ili asikutwe mtu mwingine aliyefanyiwa matanga akiwa hai. Hushuka, hula na aliyemrudisha, mbele ya watu, kwenye boneti. Amefanya hivyo Paya, Buteba, na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, ambako kwa miaka mingi maofisa wa pande zote mbili walirushiana wagonjwa wa Kisamia, huyu akisema ni wako na yule akisema ni wako, utadhani kijidudu kiliomba pasi. Muzafaru aliwauliza swali moja tu kwenye kizuizi cha Busia: nani kati yenu atampa huyu mama maji akisubiri? Wakainua kizuizi.

Loy anaendelea vizuri. Amerudi sokoni na samaki wake. Maloba alimjengea nyumba karibu na ya Bibi Kevina, na wanaelewana kadiri watu wanavyoweza kuelewana baada ya jambo kama lile. Mtoto alikawia kumwita mama. Sasa anamwita. Miaka ile minne haitarudi, na hakuna aliyemwomba Loy radhi, si chifu wala kituo chetu. Kwa niaba yangu, kwa nafasi ndogo niliyo nayo katika jarida hili, namwomba.

Sasa shughuli yenyewe. Ofisi imepanga tafrija Jumamosi tarehe 27 Juni, saa kumi jioni, kwenye klabu ya wafanyakazi. Mzee Muzafaru aliomba ifanyike uwanja wa wagonjwa, ili wagonjwa nao wawepo. Alijibiwa kwamba kanuni haziruhusu wafanyakazi kula na wagonjwa. Yeye alishukuru, akatoka, na wanaolijua lile tabasamu wanajua maana yake. Mama Rehemah na binti yao Hajarah wataanza kupika asubuhi, na masufuria yatateremshwa upande wa pili wa waya. Mzee atakuwa huko kuanzia saa saba. Klabuni patakuwa na viti, hotuba, cheti na keki. Kila mmoja wetu achague mahali pa kumuagia.

Baba Hajarah, umetubebea wagonjwa wetu ukawafanya tena kuwa watu wa kwao. Kwa niaba ya chumba cha hadubini, wauguzi, jiko, geti na wote walio ndani ya waya, tunakushukuru. Upumzike Tororo kwa afya, ukae na wajukuu wako, na Mungu akujalie miaka mingi ya kunywa ile chai yako. Mimi nitakuwa kwenye uwanja wa wagonjwa, nimeshanawa mikono.

E. Mangeni
Chumba cha Hadubini, Namusoga